Majani Niliyoyaacha Siku Arobaini

Baba,

Leo sikupi salamu. Zile nilizokuwa nazo nilizimaliza kwa watu waliokuja kwenye matanga yako, na walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, maana sikujua kama mtu mkavu kama wewe ana marafiki. Nakuandikia kwa sababu kesho unatimiza mwaka mmoja kaburini, na kuna maneno ambayo sitaki uyasikie kutoka kwa mchungaji. Mchungaji atayapaka sukari.

Nimekaa kwenye kibanda chako cha mabati, kando ya vitalu vya miche. Ni saa nne asubuhi na jua limeshaanza kuchoma. Kule juu, Barabara ya Ggaba, baa zinafagia uchafu wa jana na moja imeshafungulia muziki. Nimekalia kile kiti chako ulichokifunga kwa mpira wa baiskeli. Bado kinabana nyama ya paja. Sijui kwa nini hukukitupa miaka yote ile.

Nianze na habari mbaya, kwa kuwa hukupenda kuzungushwa. Mitofaa yako haikuchanua. Kati ya miti thelathini na mmoja uliyoniachia, mmoja tu ulitoa maua, na huo nao ulichanua nusu. Tisa nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe. Iliyobaki ilikaa uchi miezi miwili, halafu ikatoa majani machache nchani, bila hata ua moja. Afande, mwenye kiwanja, amesema tusipopata maua msimu huu analeta tingatinga, wanawe wajenge vyumba vya kupangisha. Atakuja kutazama mwishoni mwa mwezi ujao. Akikuta matawi makavu, basi, bustani imekwisha, na mimi na miche yangu tutatafuta pa kwenda.

Kosa ni langu, nakubali. Lakini usikae huko ukatabasamu. Kosa hilo nililifanya kwa hasira, na hasira yenyewe ulinipa wewe.

Unaikumbuka siku tuliyomzika Mama? Usiniambie umesahau. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, Kambale mdogo wangu alikuwa na saba. Jeneza lilikuwa sebuleni juu ya meza ya kulia. Hema lilikuwa limefungwa uani, akina mama wa kwaya wameketi kwenye mikeka wakiimba nyimbo za kwetu Lubero, wanaume wako kwenye viti vya kukodi. Wauza vitenge wenzake wa soko la Nateete walikuja wote, wamefunga kitenge kimoja, kile cha bluu alichokipenda. Mchungaji akauliza mume wa marehemu yuko wapi, ibada ianze. Hakuna aliyejua. Nikatumwa mimi.

Nilikukuta hapa. Ulikuwa umevaa suti, shati jeupe na tai, na suruali umeitumbukiza ndani ya gambuti. Ulikuwa unapukutisha majani ya mitofaa. Jani baada ya jani, unalipinda kuelekea juu ili usiling'oe jicho la chipukizi lililo chini yake, unaliangusha, unashika jingine. Nikasema, "Baba, wanakungoja." Hukugeuka. Ukasema, "Uniache kwanza nimalize huu mustari."

Mstari mzima, Baba. Miti saba. Watu wamejaa uani, mke wako amelala juu ya meza, na wewe unamaliza mstari. Nilisimama pale nikikutazama mpaka mti wa saba, kwa sababu sikujua nikirudi bila wewe nitawaambia nini. Ulipokuja makaburini vidole vyako vilikuwa bado vya kijani, na kwa vidole hivyo ukatupa udongo juu yake. Dada yako, Shangazi Kahindo, alikupa kitambaa ufute. Ulikitia mfukoni.

Nimekaa na jambo hilo miaka kumi na miwili. Nilikuuliza mara mbili. Mara ya kwanza ulisema majani yalikuwa yamekomaa. Mara ya pili ulinipa ndoo nikachote maji.

Nikuambie pia yale mengine, ili usiseme binti yako anakumbuka mabaya tu. Nakumbuka siku ya vikombe viwili. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na nilikuwa nimekuuliza kwa nini mti wa tofaa unataka kusumbuliwa hivi wakati mpapai hausumbuliwi na mtu. Kwa kawaida ungeniambia nikapalilie. Siku ile ulikwenda kwa mwenye baa ukaomba barafu, ukaimwaga kwenye beseni, ukaweka vikombe viwili. Kimoja ulitia mafuta magumu ya kopo uliyoyayeyusha jikoni, kingine mafuta ya alizeti. Tukachuchumaa tukisubiri. Ya kwanza yakaganda yakawa meupe. Ya alizeti yakaendelea kutiririka ulipoinamisha kikombe.

Ukaanza kusema, na ulisema kwa muda mrefu kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Uliniambia kwamba kule Kivu, kabla ya vita kutufukuza, ulikuwa msaidizi wa maabara kwenye kituo cha utafiti wa mazao, na kazi yako ilikuwa kusaga macho ya miti, yale machipukizi yaliyofumbwa kwenye tawi, wataalamu wapime mafuta yaliyomo. Kwamba kila chembe ndani ya jicho imezungukwa na utando, na utando huo umejengwa kwa asidi mafuta. Nyingine zinaganda mapema, nyingine zinabaki laini. Kule kwenye baridi kali, mti unapolala, baridi yenyewe inaufanya uzibadilishe zile ngumu kuwa laini, kidogo kidogo, miezi yote. Utando unalegea, maji na sukari vinapita, jicho linafumbuka. "Sasa hapa Kampala baridi iko wapi?" uliniuliza. Nikasema hakuna. Ukasema ndiyo maana mtofaa ukilala hapa usingizi mzito hakuna wa kuuamsha, na dawa ni kuuwahi. Tukishavuna, kabla kiangazi hakijakaza, majani yangali ya kijani, tunayapukutisha yote kwa mkono. Mti unashtuka na macho yanafumbuka kabla hayajalala.

Wengine wanafanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Wewe ulikataa, ukasema mti nao unachoka. Siku ile nilikupenda mpaka nikaona aibu kukutazama.

Halafu ukafa. Na ukachagua wakati wako vizuri, siwezi kukunyima sifa hiyo. Tulikuwa tumemaliza kuvuna, na tulikuwa tumepanga kupukutisha majani Jumatatu. Jumamosi ukaanguka kando ya tangi la maji na mkasi wa kupogolea mkononi, na tulipofika hospitali daktari alikutazama mara moja tu, akavua miwani yake. Presha, walisema. Hukuwahi kutuambia una presha. Vidonge nilivikuta kwenye kopo la mbegu za bilinganya.

Shangazi Kahindo alifika kutoka Butembo siku ya pili, akashika matanga kama anavyoshika kila kitu. Akasimama mlangoni akatangaza, "Hapa hakuna mutu atagusa jembe. Tuko mu kilio." Nikakubali, sawa, ndiyo desturi. Tukakuzika, na nikaketi kwenye mkeka. Siku ya tisa Shangazi mwenyewe akaniita kando. Akasema, "Masika, wende sasa uangalie miti yako. Baba yako hatakasirika."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia baba yangu anastahili siku arobaini.

Alinitazama sana. Jamaa na majirani wakasikia, wakasifu. Binti wa mfano, walisema. Walisema watoto wa siku hizi wakizika asubuhi jioni wako dukani, lakini huyu, mtazameni. Nami nikainamisha kichwa nikapokea sifa zote. Baba, nilikuwa nimejaa furaha mbaya. Nilitaka uone mtu anavyozikwa. Nilitaka ulale huko chini ukijua kwamba hakuna hata jani moja lililoguswa kwa heshima yako, na ukichomwa na heshima hiyo, uchomwe vizuri.

Kutoka kwenye mkeka, tuliokuwa tumeutandika hapa kando ya kibanda, niliiona miti yote. Nilikuwa ninayaona majani yakizidi kuwa mazito, rangi ikikolea, mengine yakianza kuvimba mishipa. Usidhani nilisahau vikombe viwili. Nilijua kinachotokea ndani ya macho yale. Kila asubuhi nilijiambia leo Mama amepata siku moja zaidi ya haki yake.

Afande alileta mbuzi siku ya kwanza. Alikuja mwenyewe, na fimbo yake, akasema, "Hii ni ya muzee. Mutachinja siku ya kufunga kilio." Unamjua alivyo, mwanajeshi mstaafu, haketi mpaka aambiwe mara tatu. Kambale akamfunga yule mbuzi kwenye ule mtofaa wa pembeni, karibu na ua wa michongoma. Mbuzi akala. Akimaliza ya chini anasimama kwa miguu ya nyuma, anavuta ya juu. Nilimwona. Kijana mmoja wa kwaya akaniuliza kama amhamishe. Nikamwambia hapana, kuhamisha kamba nako ni kazi, na sisi tuko kwenye kilio.

Siku ya arobaini tukamchinja mbuzi, tukala, watu wakaenda kwao. Siku ya arobaini na moja Kambale aliomba ruhusa kazini kwake Port Bell, tukaingia bustanini alfajiri tukapukutisha majani ya miti yote. Yalikuwa yanakatika kwa sauti, makavu, na mengi yaliondoka na jicho. Nikafagia, nikasubiri.

Wiki ile ile mti wa pembeni ukatoa maua. Meupe, na waridi kidogo pembeni, kama unavyoyajua. Nikapiga simu kwa Kambale nikicheka, nikamwambia nimemshinda mzee, ameona, miti haihitaji ukorofi wake. Nilidhani ndio mwanzo. Zikapita wiki mbili, zikapita nne, na miti mingine thelathini imesimama kama vijiti vya ufagio.

Hapo ndipo nilipoingiwa na wazimu. Nikakumbuka kwamba miaka mingine ulikuwa unachanganya mafuta na sabuni nyuma ya tangi, unanyunyizia matawi. Lakini ulikuwa unachanganya peke yako. Nilikuwa nikisogea unaniambia nenda kaangalie miche. Kipimo hukuniachia. Aina ya mafuta hukuniachia. Binti yako uliyemfundisha kuhusu utando wa chembe, hukuona vema kumwambia ni vikombe vingapi kwa ndoo moja ya maji. Basi nikafikiri kwa akili yangu. Jicho limekosa asidi mafuta laini, na mafuta ya alizeti ni laini, kwa hiyo nilipe jicho mafuta ya alizeti. Nilinunua mtungi mzima. Sikuchanganya na maji mengi. Nilipaka miti tisa kwa brashi ya rangi, kuanzia nchani mpaka shinani, na nilipomaliza ilikuwa inang'aa juani, na nikajiona fundi.

Ilishika vumbi, ikawa nyeusi. Gome likaanza kupasuka. Nilipokwangua kwa ukucha ndani kulikuwa na rangi ya kahawia mpaka chini.

Nilikutukana siku ile, Baba. Nilikutukana kwa Kinande, kwa Kiswahili, na kwa yale maneno ya Kiganda niliyojifunza kwa makondakta. Jirani akachungulia juu ya ukuta akaniuliza nagombana na nani.

Aliyenisaidia ni Nakato, yule msichana mwenye miwani aliyekuwa akinunua kwako miche ya parachichi. Kumbe anasoma chuo cha kilimo. Alikuja kutoa pole, akaikuta ile tisa, akashika mdomo. "Nnyabo," aliniambia kwa adabu ya Kiganda, "hii mafuta ya inje hapana ingia ndani. Inafunga yeye tu, hapati pumzi." Alinieleza polepole. Mafuta yaliyo ndani ya jicho mti unayatengeneza wenyewe, na unayabadilisha wenyewe. Yale ya kunyunyizia, yakiwa kidogo sana kwenye maji mengi, yanaliziba jicho pumzi kwa muda, nalo linashtuka. Yakiwa mengi linakufa. Hayaingii kujaza pengo. Kwa maneno mengine, niliinyonga miti yako tisa nikidhani naipa chakula.

Halafu akaenda kwenye ule mti wa pembeni. Maua yalikuwa yameshageuka vitofaa vidogo. Akauzunguka, akainama, akainuka, akaweka kiganja chake kifuani. Matunda yalikuwa yanafika hapo, usawa wa kifua chake, na juu ya hapo hapakuwa na kitu. Akauliza, "Huu, nani alitoa majani yake?" Nikafikiri. Nikamwambia ni mbuzi.

Nakato alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona yule mbuzi amesimama kwa miguu miwili, siku ya pili, ya tatu, ya nne, akifanya kazi ambayo ulinifundisha mimi, na mimi nimeketi kwenye mkeka napokea pongezi.

Alichukua macho kutoka kwenye miti iliyolala na mengine machache kutoka matawi ya mbuzi, akaenda nayo chuoni, akayasaga kama ulivyokuwa ukiyasaga wewe. Alirudi na karatasi. Kwenye miti iliyolala, ile asidi mafuta iliyo laini kuliko zote ilikuwa kidogo. Kwenye matawi ya mbuzi ilikuwa nyingi. Mti wa aina moja, udongo mmoja, mvua moja. Nilimwomba ile karatasi, nimeibandika hapa kibandani juu ya jembe lako.

Afande naye alikuja. Akapita katikati ya mistari, anagonga mashina kwa fimbo. "Muzee alikuwa naniambia hii miti iko nalala kidogo, halafu naamka. Sasa hii nalala mpaka lini? Mimi nataka ona maua." Nikampeleka kwenye mti wa pembeni, nikamweleza habari yote, hata ile ya kamba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama juu, akatazama chini. "Kumbe mbuzi yangu iko na akili kupita nyinyi wote," akasema. Akaondoka. Alipofika kwenye geti akageuka. "Nangoja msimu moja. Nangoja juu ya mbuzi, si juu yako."

Ndiyo hivyo. Miti ishirini na miwili imepewa muda kwa heshima ya mbuzi uliyeliwa kwenye matanga yako.

Mwezi huu Nakato amekuwa akija kila Alhamisi kuchukua macho na kuyapima. Alhamisi iliyopita aliniambia majani yamefikia, kazi ianze. Nikamuuliza kama kuna hatari nikichelewa, kwa kuwa kuna ukumbusho wa mwaka, kuna wageni, kuna mambo ya familia. Akatikisa kichwa. "Siku tatu hapana fanya kitu, nnyabo. Hata wiki moja. Mwezi ndiyo mbaya."

Alikuwa ananipa moyo, maskini. Hakujua amenipiga wapi.

Alipoondoka nilifungua sanduku lako la bati nikatoa yale madaftari yako ya shule, yale uliyokuwa ukiandikia mwaka na mstari na hali ya mvua. Sikuwa nimeyagusa tangu ufe. Nikatafuta mwaka ule uliougua malaria, mimi nikiwa mdogo. Ulikuwa umelala kitandani siku kumi na mbili wakati wa kupukutisha, na umeandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: maua mengi kuliko mwaka jana. Ilikuwa kabla Mama hajafa. Kwa hiyo ulijua. Siku tatu, siku kumi, ulijua hazina neno.

Nikatafuta mwaka wa Mama. Tarehe ya maziko umeandika: mstari wa pili, miti saba. Hakuna kingine siku hiyo. Chini yake, tarehe ya siku nane baadaye, umeandika: mistari mingine yote.

Nilisoma mara nyingi. Miti saba, halafu siku nane umekaa kwenye mkeka na watu, halafu mingine yote, na yote ilichanua, ninakumbuka mwaka ule ilichanua. Kwa hiyo siku ile hukuwa unaokoa kitu chochote. Bustani isingekufa. Sisi tusingelala njaa. Nimekuchukia miaka kumi na miwili kwa kupenda miti kuliko Mama, na kumbe hukuwa hata unaifanyia miti. Ulishindwa kukaa. Ulishindwa kukaa pale chini ya hema ukatazama lile jeneza, na watu wakutazame unavyolitazama, ukakimbilia kitu ambacho mikono yako inakijua.

Ungeniambia. Ndicho ninachokudai wewe na sitaacha kukuchukia kwa hicho. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, Baba, hatua tatu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na Mama yangu amekufa na mimi pia sikutaka kurudi chini ya lile hema. Ungegeuka tu. Ungesema, Masika, siwezi. Ningevua viatu vyangu vya maziko nikashika mti wa pili. Badala yake ulinipa mgongo, na mimi nikaupokea, nikautunza, na nilipopata nafasi nikaulipiza kwa miti thelathini na mmoja isiyokuwa na kosa.

Sasa sikiliza habari za kesho. Kambale ameandaa kila kitu. Hema litakuwa makaburini saa tatu, msalaba wa saruji umeshapakwa chokaa, jina lako limeandikwa vizuri. Shangazi Kahindo amelala kwangu, ameshapika nusu ya chakula na kuchoma sufuria yangu moja. Mchungaji atasema ulikuwa mtu wa subira. Nimeona karatasi yake, neno hilo liko mara nne.

Sitakuja.

Ningeweza kungoja hadi Jumatatu. Nakato amesema, na daftari lako limesema, na mimi sina macho mabovu. Nitakapoulizwa sitasingizia miti. Kweli ni kwamba siku zote arobaini zile, na kitambaa changu cheusi na sifa zangu, sikukulilia hata mara moja. Nilikuwa na kazi ya kukukomoa. Tangu niisome ile mistari miwili ya daftari kuna kitu kinanipanda kooni kila nikisimama, na nikisimama mbele ya ule msalaba kitatoka, na sitaki wakione. Sitaki wakiite subira wala heshima. Ni chako na changu, na bado sijajua ni kitu gani.

Kwa hiyo kesho nitaanza hapa alfajiri, mstari wa kwanza. Watakapoona sipo, watamtuma Kambale, hakuna mwingine wa kumtuma. Atakuja na viatu vyake vilivyong'arishwa na uso wake wa ibada, amekasirika. Na hapa ndipo ninapokupa ahadi, Baba, uichukue kama unavyotaka, kama zawadi au kama kofi. Nitageuka. Nitamtazama usoni, na kama nalia ataniona nalia, na nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba siwezi kukaa pale kwa sababu Baba amekufa.

Kisha atachagua mwenyewe, kurudi kwa watu au kuvua viatu.

Kwaheri. Sijakusamehe.

Masika